Pini ya Hibo

Jumatatu ya tatu ya muhula wa pili, mwaka wa 1999, saa mbili na robo asubuhi, nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya saruji nikimvua mtoto gambuti. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na yeyote aliyewahi kuishi Kitengela anajua udongo wetu mweusi unavyoshika kiatu kama mdai asiye na haya. Nilivuta gambuti, mtoto akavutika nalo. Nyuma yangu, binti yangu Mwende, mwenye umri wa miaka minne na nusu, alisimama mbele ya darasa ili atoe habari zake za Jumatatu. Sikugeuka. Ningalijua anachotaka kusema, ningaliliacha gambuti litoke na mguu wake.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kufundisha nasari, na nyinyi mliojaliwa watoto juzijuzi. Naona kazi hizi mbili ni kazi moja, ila ya kwanza ina likizo. Ualimu nimestaafu mapema kwa sababu ya magoti. Daktari aliponiuliza niliyachosha wapi, nilimwambia nimekuwa nikizungumza na watu wafupi kwa zaidi ya miaka ishirini. Alidhani ninatania. Chuoni tulifundishwa saikolojia ya mtoto, tukapewa na cheti chenye muhuri, lakini hakuna aliyetuambia kwamba chombo cha kwanza cha kazi hii ni magoti. Mtoto hasikii sauti inayotoka juu. Huisikia kama tunavyosikia ndege inayoelekea uwanjani: tunajua imepita, basi. Shuka hadi macho yenu yalingane, sema neno moja, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu.

Nasari yetu ilikuwa vyumba viwili vya mawe, yaliyochongwa kwenye machimbo ya jirani, na paa la mabati. Tulikuwa watu wazima wawili: mimi, Mwalimu Kamene, niliyetoka Mwala na cheti changu, na Koko, bibi wa Kimaasai aliyetupikia uji. Jina lake hasa lilikuwa jingine, lakini kila mtoto alimwita Koko, yaani nyanya, nami nikafuata. Koko hakuwa na cheti. Kila asubuhi alisimama mlangoni, watoto wakainamisha vichwa, naye akagusa kila kichwa kwa kiganja, mmoja baada ya mwingine, bila kuruka hata mmoja. Watoto wa Kikamba, wa Kisomali na wa Kikuyu walijifunza kuinama kabla hawajajifunza kuandika. Mwaka wa kwanza niliona jambo hilo linapoteza dakika kumi. Mwaka wa pili Koko aliugua siku tatu, na siku hizo tatu tulikuwa na vilio, kuumana, na kiti kimoja kilichopita dirishani. Tangu hapo niliziandika dakika hizo kumi kwenye ratiba.

Sasa niwaeleze Habari za Jumatatu, maana ndizo zilizoniponza. Kila Jumatatu, kila mtoto alisimama akaeleza jambo moja lililotokea nyumbani, nami nikaliandika kwenye daftari kubwa kwa maneno yake mwenyewe, bila kusahihisha. Mtoto akachora picha chini yake. Hakuna njia bora zaidi ya kumfundisha mtoto kwamba maneno yake yana uzito. Wala hakuna njia bora zaidi ya kujua siri za mji mzima. Katika daftari lile nilisoma kwamba baba mmoja, askari mwenye bunduki, anaogopa paka. Nilisoma kwamba mama fulani huwaambia wageni amepika mwenyewe mandazi anayonunua kioskini. Nilisoma pia, kwa mwandiko wangu mwenyewe, sentensi hii: "Mama alisema mwalimu ako na nguo moja tu ya kijani." Niliiandika kama ilivyotamkwa. Siku hiyo nilikuwa nimevaa ya kijani.

Jambo la pili la kujua ni barua. Kwetu hapakuwa na kiboko. Kiboko kilikuwa bado halali wakati huo, na shule zote jirani zilikitumia, ndiyo maana wazazi walituona watu wa ajabu. Mtoto aliyempiga mwenzake alifanya mambo mawili. Kwanza alikaa na mwenzake huyo, akasikiliza ilivyouma. Kisha alibeba barua kwa mama yake, na mama akatia sahihi. Kwa kuwa barua zilikuwa na tabia ya kuangukia mtaroni, tulizibandika kwenye sweta, kifuani, kwa pini. Barua zote zilimalizika kwa ombi lilelile, kwamba mzazi asimpige mtoto kwa sababu ya karatasi hiyo. Ombi hilo nililitunga mwenyewe, na nilijivunia.

Nilijivunia mengi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Nilikuwa nimejifunza kwamba mtoto apewe nafasi ya kuchagua, nikawa nawapa uchaguzi hadi wa uzi wa kufungia kiatu. Siku moja mtoto aitwaye Kevo hakutaka kuvaa sweta wakati wa kurudi nyumbani. Nikamuuliza kwa upole wa kitaalamu, "Kevo, ungependa kwenda nyumbani au kubaki hapa?" Kevo alifikiri vizuri, akasema, "Kubaki." Nami, kwa kuheshimu uamuzi wake, nilibaki naye hadi saa kumi na mbili jioni, mama yake akiwa amesimama mlangoni na dada yake mdogo mgongoni.

"Mwalimu," mama yake aliniambia mwishowe, "kwani hapa nani ni mkubwa?"

Koko, aliyekuwa akisugua sufuria, alijibu kwa niaba yangu. "Leo ni Kevo."

Basi, shikeni hili: mpe mtoto uchaguzi ambao majibu yake yote mawili unaweza kuishi nayo. Mkono upi uingie kwanza kwenye sweta, wa kushoto au wa kulia. Hayo tu. Mengine amua wewe, kisha uombe radhi kwa sauti ya chini kwamba umeamua.

Januari ya mwaka huo wa 1999 alikuja Baba Hibo. Alikuwa mfanyabiashara kutoka upande wa Garissa, mwenye duka la nguo na mbuzi wa kuuza, mtu mrefu, mtaratibu, asiyepoteza neno. Mkono mmoja alimshika bintiye Hibo, miaka mitano, na mkono mwingine alishika fimbo nyembamba iliyonyooka, iliyong'aa kwa kushikwa.

"Mwalimu, nimeleta mtoto na hii," alisema. "Yote mbili chukua. Kwetu baba hapeleki mtoto kwa maalim mikono mitupu."

Nilipiga magoti nikamsalimu Hibo kwanza, kisha nikainuka nikamweleza baba yake, kwa ufasaha mwingi, kwamba fimbo hatuitumii. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe uko na mtoto?"

"Ninaye. Yule pale, Mwende."

"Na huyo hupigi?"

"Simpigi."

"Hata nyumbani? Hata akikutoa akili?"

"Hata nyumbani."

Alitazama fimbo, akanitazama mimi. "Sawa. Hii ndiyo fimbo ya nyumba yangu. Nyingine sina. Itakaa hapa kwako. Siku zote wewe hupigi, na mimi sipigi. Tumepatana watu wawili."

Tulipeana mikono. Niliisimamisha fimbo kwenye kona, karibu na kabati la rangi. Hibo aliitazama mpaka alipohakikisha kwamba baba yake ameondoka bila fimbo hiyo. Kisha akavua viatu, akaingia kucheza, na kabla ya uji akawa amemwaga rangi yote ya buluu. Mtoto anapokosa hofu huanza kwa kumwaga kitu. Msishangae, tafuteni tambara.

Watu huuliza kwa nini tunaojua hutenda kinyume cha tunachojua. Mimi nina jibu, nalo ni daftari. Yaani maandalizi yangu ya masomo ya muhula mzima, yenye mistari ya rangi tatu, niliyotakiwa kumwonyesha mkaguzi wiki iliyofuata. Jumapili moja asubuhi, nikiwa napika chai kabla ya kwenda kanisani, Mwende alinyamaza. Nyinyi wenye watoto mnajua kwamba kelele si hatari. Kimya ndicho hatari. Nilimkuta nje kwenye ngazi, mbele ya karai la maji ya sabuni, akisugua daftari kwa brashi ya viatu, ukurasa baada ya ukurasa, kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha katika kazi yoyote niliyompa.

"Kilikuwa kichafu," alinieleza. "Kimeandikwaandikwa."

Mwiko ulikuwa mkononi mwangu. Nilimchapa mara mbili, miguuni. Mwende hakulia mara moja. Kwanza alinitazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyokuwa yake.

Ijumaa iliyotangulia nilikuwa nimewahutubia wazazi saa nzima juu ya mkono usioinuliwa. Majirani wangu wa ploti, tuliogawana ukuta wa mabati, walikuwa wameuhudhuria mkutano huo. Jumapili hiyo hakuna aliyetoka nje. Nilisikia redio ya jirani ikipunguzwa sauti.

Basi, turudi Jumatatu na gambuti. Mwende alisimama mbele, akashika pindo la sketi.

"Jana mama alinichapa," alisema kwa sauti safi ya mtu aliyefundishwa kutoa habari. "Na mwiko. Hapa na hapa. Sababu niliosha kitabu yake."

Watoto ishirini na sita walinigeukia. Gambuti lilitoka, nami nikaketi sakafuni bila kutaka. Nilipoinua macho nilimwona Baba Hibo mlangoni, sweta la Hibo mkononi. Binti alikuwa amelisahau, naye akarudi nalo. Alikuwa ameyasikia yote.

Kevo ndiye aliyeinua mkono. "Mwalimu, si umesema mtu akipiga anapewa barua ya mama yake?"

"Nilisema."

"Na wewe uko na mama?"

"Niko naye."

"Anakaa wapi?"

"Mwala. Kule Machakos."

"Basi apelekewe," Kevo alisema, na darasa zima likaafiki. Mtoto mmoja alitoka mwenyewe kwenda kuleta pini.

Baba Hibo aliingia, akamvika bintiye sweta, akafunga vifungo vyote, kisha akaenda kwenye kona akaichukua fimbo yake.

"Baba Hibo," nilimwambia, "ilikuwa mara moja tu."

"Sina hasira, mwalimu. Tulipatana watu wawili, mmoja ametoka." Alifikiri kidogo. "Lakini hii mahakama yako ya watoto iko sawa. Barua yako ikirudi na sahihi ya mama yako, nitaamini umekubali kosa, na fimbo itarudi. Mpaka siku hiyo itakaa nyuma ya mlango wangu."

Hibo aliisindikiza kwa macho hadi ilipopotea barabarani. Kisha akarudi kitini kwake, akavua kiatu kimoja, akakivaa tena.

Alasiri hiyo nilipiga magoti mbele ya Mwende, nikamwambia kwamba nilikosea, kwamba hakuna kitabu kinachostahili miguu yake. Alinisikiliza akila ndizi.

"Sawa," alisema. "Lakini kilikuwa kichafu."

Mnadhani niliandika barua jioni ileile. Hapana. Kumwomba mtoto msamaha ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Mtoto husamehe na ndizi mdomoni. Ugumu ulikuwa mama. Mama yangu alitulea watoto saba kwa mwiko, na wote saba tulisoma. Hakuwahi kuona kosa katika mwiko, na mimi sikuwahi kumwambia. Kumpelekea karatasi ya kusema kwamba nimekosa kwa kumpiga mtoto mara mbili ni kumwuliza yeye alipiga mara ngapi. Hapo ndipo kalamu ilipokauka.

Kwa hiyo nikafanya lile ambalo kila mtoto mwenye barua hufanya. Nilidanganya. Jumatatu iliyofuata Kevo aliuliza kama barua imerudi, nikasema posta ni ya polepole. Jumatatu ya pili nikasema huenda mvua imeharibu barabara. Jumatatu ya tatu nikasema mama yangu macho hayaoni vizuri, uongo ambao mama angenichapa kwa ajili yake, maana hadi leo hutunga uzi kwenye sindano bila miwani.

"Mwambie aazime macho ya jirani," Kevo alishauri.

Hibo hakuuliza lolote. Lakini kila Jumatatu habari yake ilikuwa ileile, nami niliiandika kama alivyoitoa: "Fimbo iko nyuma ya mlango. Baba hajapiga. Anangoja barua." Picha yake nayo ilikuwa ileile, mlango na mstari mmoja mnyoofu, ila kila wiki mlango ulichorwa mdogo zaidi na mstari mrefu zaidi. Rangi hakumwaga tena. Alikuwa akiomba ruhusa kabla ya kukaa, kabla ya kuinuka, kabla ya kunywa uji aliokwisha kupewa. Wazazi wengine walinisifu: huyo mtoto wa Baba Hibo ameshika adabu. Chungeni sana sifa za namna hiyo.

Koko hakuniambia kitu pia. Ila asubuhi moja, watoto walipokwisha kuinamisha vichwa, nilipita mlangoni na vitabu vyangu, naye akaweka mkono njiani.

"Takwenya," alinisalimu, kama wanawake wa kwao wanavyosalimiana.

"Iko," niliitikia kwa lugha yake.

"Na wewe inama."

"Koko, mimi ni mtu mzima."

"Mtu mzima mwenye barua," alisema. "Inama."

Nikainama, akanigusa kichwa, watoto wakacheka hadi Kevo akaanguka.

Jumatatu ya nne, baada ya kutoa habari yake, Hibo hakurudi kitini. Alinijia, akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na pini moja, ya aina ile ambayo mama yake hufungia shela, yenye kichwa cheupe.

"Mwalimu," alisema taratibu, "labda wewe hauna pini."

Nimewahi kusimamishwa mbele ya wakaguzi, na mbele ya kamati iliyotaka kunifukuza. Kote huko nilijitetea; hapa niliipokea pini. Mtoto yule, katika wiki nne za uongo wangu, alikuwa amenitafutia sababu moja ya heshima iliyobaki.

Niliiandika barua wakati wa uji, kwenye fomu ileile ya watoto, Koko akinishikia kikombe. Darasa lilidai nayo ibandikwe, ikabandikwa: Kevo aliishikilia, Hibo akapenyeza pini kwenye sweta langu, ikanichoma kidogo. Nilitembea nayo kifuani hadi posta, katikati ya malori ya mawe na ng'ombe waliokuwa wakivushwa barabara, na watu waliisoma bila haya. Posta nikaitia kwenye bahasha, pamoja na pini.

Vijana huniuliza nilipata wapi fimbo iliyong'aa hivyo, ninayoegemezea dirisha la jikoni kwangu lisifungwe na upepo. Basi nimewajibu. Ilirudi Alhamisi mbili baadaye, barua ilipofika na sahihi, na kabla ya saa nne Hibo alikuwa amemwaga rangi ya njano. Mama alitia sahihi, akaongeza mistari miwili chini yake. Mistari hiyo ni yangu. Nakala ya barua ninayo, kwa kuwa Koko alinitaka niiweke kwenye daftari la habari, pamoja na habari za wengine wote. Inasema hivi:

"Mzazi mpendwa,

Mtoto wako, Kamene, alimpiga mwenzake kwa mwiko, mara mbili, miguuni. Aliyepigwa ni Mwende, miaka minne na nusu. Sababu aliyotoa ni kitabu kilichooshwa.

Tumezungumza naye. Mwanzoni alisema ilikuwa mara moja tu. Kisha akasema posta ni ya polepole. Kisha akasema wewe huoni vizuri. Sasa ameacha hayo yote na amekubali. Amekaa na Mwende, akasikiliza ilivyouma.

Tulimwuliza aliona wapi mwiko ukitumiwa hivyo. Alinyamaza. Hatukumlazimisha, kwa sababu anampenda sana aliyemwona.

Kwa jumla anaendelea vizuri. Hufika mapema, na hufunga viatu vya wenzake bila kuombwa.

Ombi kwa mzazi: tafadhali usimpige kwa sababu ya barua hii. Mwite akae karibu nawe, mwulize ilikuwaje, kisha msikilize mpaka amalize. Kama nawe una la kumwambia, atasikiliza.

Tia sahihi hapa chini, na uirudishe barua pamoja na pini. Pini ni ya Hibo."